Viti Vinne, Taa Moja na Kipima Oksijeni: Tathmini ya Vifaa Tulivyoinunulia Wodi ya Watoto Njiti

Kati ya vitu ambavyo sisi wazazi tuliinunulia wodi ya watoto wachanga iliyowatunza watoto wetu, kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote ndicho kilichogharimu fedha kidogo kuliko vyote, nacho ni kiti cha mbao chenye mgongo unaolala. Nimesubiri miezi 14 kabla ya kuandika tathmini hii kwa makusudi. Siku ya makabidhiano kila kifaa ni kizuri: kimefungwa utepe, kinang'aa, mganga mfawidhi anashikana mikono na wanakamati, na hakuna anayeuliza kitakuwaje msimu wa mvua ukifika na umeme ukaanza kucheza.

Mtoto wetu alizaliwa katika wiki ya 29 ya ujauzito akiwa na gramu 1,180, mwezi wa saba mwaka 2023, katika hospitali ya serikali ya mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, ambako majira hayo hata mtu mzima hulala na soksi. Alikaa wodini siku 46. Baadaye, kwenye kliniki ya kupima uzito, tulijikuta familia nane tunaofahamiana kwa majina ya wodini tu, yaani mama njiti na baba njiti wa kitanda fulani, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuchangia. Wa kwanza kutoa fedha alikuwa baba ambaye mtoto wake hakutoka. Alituma mchango wake bila kuandika neno lolote kwenye kikundi, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuchelewesha ahadi yake kwa visingizio vyepesi.

Utaratibu tuliotumia ni ule ambao kila aliyewahi kuchangia harusi anaufahamu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kikundi cha WhatsApp, na orodha ya ahadi inayorushwa kila Ijumaa jioni ikionyesha waliopunguza na waliomaliza. Ahadi zilifika shilingi 9,400,000, na fedha zilizoingia kweli zilikuwa 6,850,000, kiasi ambacho wazoefu wa kamati za harusi walinihakikishia kuwa si haba. Tulipokea michango kwa lipa namba badala ya namba binafsi ya mtu, na huduma hiyo naisifu kwa jambo moja, kwamba kila muamala ulionekana kwenye taarifa ukiwa na jina na tarehe, hata mabishano ya "mimi nilishatuma" yakawa yanakwisha ndani ya dakika moja. Nailaumu kwa makato ya kuhamishia fedha benki, ambayo hatukuwa tumeyapangia bajeti, na mweka hazina akayalipa kutoka mfukoni mwake kabla hatujajua.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya nini cha kununua. Wajumbe wengi walitaka inkubeta, lile sanduku la kioo la kumtunzia mtoto joto, na sababu yao naielewa, kwani ndicho kifaa ambacho kila mtu akisikia neno njiti hukiona kichwani, na ndicho kinachopendeza kwenye picha. Tulimwendea sista mkuu wa wodi tukiwa na karatasi ya bei mkononi. Hakuisoma. Alitupeleka nyuma ya mlango wa stoo, akatuonyesha inkubeta mbili zilizopangwa mashuka juu yake kama rafu, akasema: "Baba, ninazo tatu, inayofanya kazi ni moja. Mkiniletea ya nne nitakosa pa kusimama." Moja ilikuwa imekufa kidhibiti joto, nyingine imekosa kipuri ambacho muuzaji wake haijulikani aliko. Akaongeza kwamba hata ile inayofanya kazi huwalazimu wakati mwingine kulaza humo watoto wawili kwa pamoja, na mmoja akiwa na maambukizi, mwenzake naye atayapata. Kisha akatutajia vitu vitatu kwa mpangilio wa haja yake, na cha kwanza kilikuwa viti vya akina mama. Nakiri kwamba nilitoka pale nikidhani anatuonea huruma kwa sababu ya ufinyu wa mfuko wetu.

Viti hivyo ni kwa ajili ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, njia ambayo wauguzi huiita kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey alipokosa inkubeta za kutosha na akaamua kutumia joto la akina mama wenyewe. Kwa muda mrefu njia hii ilihesabiwa kuwa mbadala wa maskini, na ilianza pale tu mtoto alipokuwa ameshaimarika. Fikra hiyo ilibadilishwa na utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulihusisha watoto wenye gramu 1,000 hadi 1,799. Miongoni mwa walioanza kubebwa mara baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12, ilhali miongoni mwa waliosubiri waimarike kwanza walifariki asilimia 15.7, na tofauti hiyo ikawafanya watafiti wausimamishe utafiti kabla ya muda wake ili watoto wote wapate njia iliyo bora. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto njiti abebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa nane, basi, ndicho kiwango cha chini, na mwenye kutakiwa kuzitimiza ni mwanamke ambaye mara nyingi ana mshono wa upasuaji wa siku tatu. Kabla ya viti vyetu, wodi ilikuwa na viti vya plastiki vya kawaida, vile vya sherehe. Mke wangu alikuwa akikaa kwenye kiti kimoja akiwa amemfunga mtoto kwa kitenge, akijitahidi kuegemea nyuma bila kuteleza, na baada ya saa moja na nusu kiuno kilikuwa kinamshinda, anamrudisha mtoto kitandani huku analia kwa kuona kwamba ameshindwa kazi rahisi kuliko zote. Likizo yake ya uzazi ilikuwa ya siku 84 kama sheria ilivyosema wakati ule, na siku 46 kati ya hizo alizimalizia kwenye plastiki ile. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamewaongezea akina mama wa watoto njiti muda hadi wiki 40 za mimba zitimie, nasi tunayashangilia kama watu walioliona basi likifika kituoni baada ya kutembea kwa miguu.

Tulimpa kazi fundi seremala wa mtaani, viti vinne kwa shilingi 165,000 kila kimoja. Mgongo unalala kwa hatua tatu, kuna sehemu ya kunyooshea miguu, na godoro limevikwa ngozi ya plastiki ili lifutike. Sampuli ya kwanza tuliipeleka wodini ikakaliwa na mama mmoja kwa siku mbili, na hiyo ndiyo hatua ninayoisisitiza kwa yeyote atakayetufuata, kwa sababu mama yule aliona tusichokiona kamati nzima: egemeo la mkono lilikuwa jembamba mno, na mtu anayekamua maziwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukimshikilia mtoto hana pa kutua kikombe. Fundi alipanua egemeo hadi sentimita 18 na kulizungushia kingo ndogo ili kikombe kisiteleze. Hakuna muuza vifaa tiba ambaye angetuuzia kingo hiyo.

Miezi 14 baadaye viti vinakaliwa mchana na usiku. Wauguzi wanasema akina mama sasa wanamaliza zamu nzima bila kuinuka ila kwa haja, na nimewaona kwa macho yangu akina baba wawili wakiwa wamefungua vifungo vya mashati, watoto vifuani, wakisinzia saa tisa alasiri, jambo ambalo wakati wetu lisingewezekana kwa sababu baba alikuwa haruhusiwi kukalia kiti ambacho mama hana. Kasoro ni mbili. Ngozi ya plastiki imepasuka kwenye mishono, kwa kuwa viti hufutwa kwa maji ya klorini kila siku nasi hatukuliwazia hilo, na bawaba za chuma zimeota kutu kwa sababu hiyo hiyo. Tungelipa zaidi kidogo kwa bawaba zisizoshika kutu. Viti navipa nyota nne na nusu kati ya tano.

Kipima oksijeni kina hadithi ndefu zaidi, na si nzuri yote. Ni kifaa cha mkononi kinachoonyesha asilimia ya oksijeni katika damu, chenye kioo kidogo na king'ora, kilichotugharimu shilingi 1,150,000 pamoja na waya wake wenye kihisio, ambao wauguzi huuita probu. Probu ya mtoto mchanga si ile ya kubana kidole cha mtu mzima. Ni kipande laini kinachozungushwa kwenye unyayo, na kikiwashwa mwanga wake mwekundu hupenya mguu ule mwembamba kiasi kwamba unauona upande wa pili. Kwa mgeni inaonekana kama mchezo wa taa. Kwa mzazi aliyekesha pale, zile tarakimu mbili kiooni ndizo usiku wote.

Umuhimu wake hauna ubishi. Mtoto njiti husahau kupumua, kwa sababu sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi haijakomaa, na muuguzi anayetunza watoto zaidi ya kumi peke yake usiku hawezi kutazama kila kifua. King'ora kinamwita. Kuna pia upande ambao mimi sikuujua hadi nilipoelezwa na daktari wa zamu: kwa njiti aliyewekewa oksijeni, kipimo hutakiwa kubaki kati ya asilimia 90 na 95, kwa maana chini ya hapo viungo vinakosa hewa, na juu ya hapo kwa muda mrefu oksijeni hiyo hiyo inaweza kuivuruga mishipa ya damu nyuma ya jicho hadi mtoto akapofuka. Yaani mtoto anaweza kuokolewa na mtungi na kupofushwa na mtungi huo huo, na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni mtu mwenye kipimo mkononi anayepunguza oksijeni kwa wakati.

Kifaa chenyewe ni kizuri. Betri inahimili usiku mmoja umeme ukikatika, namba zinasomeka gizani, na king'ora kina sauti ya kutosha bila kuwashtua watoto wote. Tatizo ni probu. Ya kwanza ilidumu miezi mitatu. Ilikuwa inahamishwa kutoka mtoto hadi mtoto, inafutwa kwa spiriti, inabandikwa kwa plasta na kubanduliwa, hadi waya ukakatikia ndani pale unapoingia kwenye plagi. Duka lililotuuzia, ambalo lilituahidi mdomoni kwamba probu za aina zote zinaingiliana, lilituletea mbili ambazo zilichomeka vizuri kabisa na hazikusoma chochote, kwa sababu kifaa kilitaka za kiwanda chake tu. Kwa wiki saba kipima oksijeni cha shilingi milioni moja na ushee kililala kwenye droo kikisubiri waya wa shilingi 95,000. Nilipoitwa kuambiwa, nilimkuta muuguzi amekiweka chaji kila siku katika wiki zote hizo saba, ili siku probu ikifika kiwe tayari.

Kosa hilo ni letu kuliko la duka. Tulinunua mashine bila kuuliza itakula nini. Tuliporudi kwenye kikundi kuomba fedha za probu nne, tulipata somo la pili, kwamba watu waliotoa laki moja kwa furaha ili waone mashine hawana hamu ya kutoa elfu kumi kwa ajili ya waya. Picha ya waya haipati hata alama ya moyo. Bahati yetu ni kwamba mweka hazina alikuwa amekataa kata kata tusitumie fedha zote siku ya kwanza, ingawa baadhi yetu, mimi nikiwemo, tulimwona ana mkono mgumu. Kipima oksijeni nakipa nyota nne chenyewe, na nyota mbili kwa jinsi tulivyokinunua.

Taa ya bluu ya kutibu manjano haina mengi ya kusimulia, na hiyo ni sifa yake. Ini la njiti huchelewa kuiondoa mwilini bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu, ngozi na macho vinageuka manjano, na kiwango kikizidi ubongo unaweza kupata madhara ya kudumu. Mwanga wa bluu wa mawimbi ya nanomita 460 hadi 490 huibadilisha bilirubini ikawa katika umbo linaloweza kutoka kwa mkojo na choo. Taa za zamani za mirija huendelea kuwaka vizuri machoni pa watu wakati nguvu yake ya tiba imeshapungua, na wodi yetu ilikuwa na moja ya namna hiyo ambayo hakuna aliyejua imewaka saa ngapi tangu ifungwe. Kwa hiyo tulichagua ya LED yenye kihesabu saa, kwa shilingi 2,900,000, tukaongeza stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, ya shilingi 180,000 ambayo muuzaji alituambia haina haja. Stabilaiza hiyo imeshaungua mara moja na ikatengenezwa, taa haijaguswa. Kinachoniudhi ni stendi yake, ambayo kokwa ya kubana mkono wa taa imelegea, hivyo taa hushuka taratibu kuelekea kwa mtoto, na wauguzi wameifunga kwa bandeji. Mafunzo tuliyoahidiwa yalikuwa kijana mmoja aliyekuja na pikipiki, akachomeka plagi, akapiga picha, akaondoka. Nyota tatu na nusu.

Kwa wazazi wengine wanaofikiria kufanya kama sisi, ninasisitiza kwamba mtu wa kumwona mapema, baada ya sista wa wodi, ni fundi vifaa tiba wa hospitali. Sisi tulimpelekea vifaa vikiwa vimeshanunuliwa. Ndiye anayejua ni aina gani ambayo vipuri vyake vinapatikana nchini, ndiye atakayekifungua kikiharibika, na ndiye atakayekwambia kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, jambo ambalo hospitali ya serikali italiuliza kabla ya kukipokea. Mjumbe wetu mmoja alikuwa ameshapata kwenye intaneti taa ya bei nusu kutoka ng'ambo, na ilikuwa bahati tu kwamba hakulipa. Vifaa vyote viandikwe kwenye leja ya hospitali kwa jina la wodi, vinginevyo kiti kizuri huhamia ofisini kwa mtu bila mwizi yeyote kupita. Kimoja cha kwetu kilisafiri hivyo kwa siku tisa, kikarudishwa baada ya sista kwenda kukichukua mwenyewe akiwa na leja kwapani.

Hesabu zetu zinasimama hivi. Viti, taa, kipima oksijeni, stabilaiza na usafiri wa shilingi 210,000 vilichukua jumla ya 5,100,000, probu nne zilichukua 380,000, matengenezo 120,000, na benki kumebaki 1,250,000. Mwezi uliopita mjumbe mmoja aliibua tena suala la inkubeta, safari hii akiwa na picha ya iliyotumika, bei ya kupunguzwa. Hakuna aliyemjibu kwa maneno. Mweka hazina alituma picha ya probu mbili mpya zikiwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, ambazo hazijafunguliwa, pamoja na risiti. Kiti cha nne kiko kwa fundi tangu Jumatatu kinabadilishwa bawaba, na wodini, ameniambia sista, akina mama wawili wanapokezana cha tatu kwa saa, mmoja akikaa mwingine anasimama dirishani na mtoto wake kifuani akisubiri zamu.